Pampu ya Mgeni

Kila asubuhi kabla ya shule, Kitinda alipaka mafuta vibati vya kuokea huku dada yake akipanga mikate iliyoiva kwenye trei. Kitinda halikuwa jina lake hasa. Alikuwa kitindamimba, na mama yao, mwokaji wa mikate, hakuwa na muda wa majina marefu.

Asubuhi hiyo walikuwa na mgeni, mwanamke aliyekuwa akiizunguka nchi peke yake kwa baiskeli. Jana yake mvua ilimkuta mbele ya duka lao, mama akamwambia, "Mgeni halowi nje na mimi nina paa. Ingia ukauke."

Usiku huo, baada ya kula, mgeni aliwasimulia jinsi watu asiowajua walivyompa maji, mahali pa kulala, hata kiraka cha tairi. Kitinda alimpenda papo hapo. Mgeni naye alimruhusu kushika pampu ya baiskeli, akamwonyesha jinsi ya kujaza upepo.

Sasa mgeni alikuwa akifunga mizigo yake. Alipapasa chini ya fremu, akapapasa tena.

"Pampu yangu siioni," alisema.

Walitafuta chini ya meza na nyuma ya magunia ya unga. Dada hakuinua macho kutoka kwenye trei.

"Nilimwona Kitinda akiichezea jana," alisema.

 Kitinda alitaka kujitetea, lakini mama aliinua mkono kumzuia. Akamkazia macho. Mgeni akatazama kando, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Basi, si neno," mgeni alisema. Akapanda baiskeli yake, akaenda zake bila kugeuka.

Kitinda alitumwa kuni. Alipofika nyuma ya stoo alisikia fyuu, fyuu. Akachungulia. Dada yake alikuwa amepiga magoti, akiujaza upepo mpira wa timu yake kwa pampu ya mgeni.

"Nilitaka kuiazima tu," dada alinong'ona. "Alipoiulizia, nikaogopa."

"Ukanitaja mimi."

"Wewe mdogo. Wadogo husamehewa haraka."

Kitinda alimtazama dada aliyemfundisha kufunga kamba za viatu na aliyemtetea shuleni. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, lakini hakuwahi kudhani kwamba msemo huo ungemhusu dada yake.

"Nenda ukamwambie mama," Kitinda alisema. "Usipokwenda, nitakwenda mimi."

Dada alikwenda. Mama hakufoka. Alifunga duka, akawapakia wote wawili kwenye gari la mikate.

Walimkuta mgeni kwenye mlima mrefu, akikokota baiskeli juani, gurudumu la nyuma limelala kabisa.

"Ni mwiba," alisema. "Kiraka nimebandika, upepo ndio sina."

Dada alishuka, akampa pampu kwa mikono miwili. "Niliichukua mimi. Kitinda nilimsingizia."

Mgeni aliipokea. "Njia nzima nilikuwa najiambia sitabisha tena hodi kwa mtu," alisema. Kisha akainama mbele ya Kitinda. "Nilikudhania vibaya. Nisamehe, mdogo wangu."

Kitinda aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka. Dada alijaza upepo mwenyewe, jasho likimchuruzika, mpaka gurudumu likawa gumu.

Wakiwa njiani kurudi, dada alisema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, Kitinda."

"Bado nina hasira."

"Ana haki," mama alisema, macho yake yakiwa barabarani. "Nami nilimhukumu bila kumsikiliza, nisamehe mwanangu." Kisha akamwambia mkubwa. "Yule mama amefika hapa kwa kuwaamini watu asiowajua. Wewe ulikaribia kuiua imani hiyo, na ukamchafulia mdogo wako jina. Njia ya mwongo ni fupi. Pampu tumeirudisha kwa safari moja, lakini kuaminiwa na ndugu yako kutakuchukua muda. Anza leo, kwa kusema kweli hata pale inapokuaibisha."