Jina Alilolitaja Martha

Jumamosi ile soko la Leeds lilifurika watu hadi kupita ilikuwa kusukumana mabega. Hester Sugden, msusi mwenye nywele fupi alizozipaka rangi ya shaba, alikuwa kwenye foleni ya muuza utumbo, amejifunika pua kwa skafu ya njano. Bibi yake, Edna, alipenda kula utumbo wa ng'ombe ukiwa baridi, kwa siki, na kila wiki Hester alimnunulia huku akijikaza asitapike. Alipogeuka aondoke alimgonga mwanamume aliyesimama nyuma yake. Mfuko ukapasuka, utumbo ukamwagika juu ya viatu vya yule bwana.

"Jamani, samahani sana, kaka."

"Nilivinunua jana," alisema yule bwana akivitazama. "Nilikuwa nawaza vinakosa nini."

Hester alicheka hadi skafu ikamponyoka. Alimnunulia chai ili kumtuliza, na wakakaa kwenye kibanda kilichojaa mvuke na harufu ya nyama ya kukaanga. Aliitwa Conrad Ackroyd. Alikuwa fundi wa miwani, mrefu, mwenye koti la kijivu lililopigwa pasi vizuri na macho ya mtu anayesikiliza.

"Na baada ya hapa unaenda wapi, na hiyo harufu yako?" Conrad alimuuliza.

"Kwenye hifadhi ya nyaraka za kale. Namtafuta baba wa Keziah, bibi yake bibi yangu. Alibatizwa mwaka 1851. Kwenye rejista mama ameandikwa: Martha Thwaite, mtumishi wa nyumbani. Mahali pa jina la baba, patupu."

"Huenda hakujua."

"Ndivyo wanavyosema kwetu. Kwamba Martha alikuwa malaya, analala na kila mpita njia. Bibi Edna alizomewa kwa hilo tangu yuko shule. Sasa ana miaka tisini na moja, anataka jina tu, basi."

Conrad alikoroga chai yake. "Mimi nayasoma maandishi ya zamani. Mama ananiandikisha kitabu cha ukoo wetu. Nikusaidie?"

Ikawa hivyo. Majira yote ya kuchipua waliinamia rejista za kanisa na orodha za sensa, magoti yakigusana chini ya meza. Jioni simu zilikuwa haziishi.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Na wewe acha kuniita kipenzi mbele ya wateja, nimekuweka kwenye spika."

"Basi wasalimie. Waambie wakiona ukungu waje nimpime kila mmoja."

Bibi Edna naye alimpenda Conrad. Alimpapasa mikono akasema, "Huyu usimwachilie, mwanangu. Ana mikono ya mtu aliyelelewa."

Mwezi wa sita, sensa iliwaonyesha Martha akiwa na miaka kumi na mitano, mtumishi katika nyumba ya Jabez Ackroyd, mwenye kiwanda cha kufuma sufu. Hester alimtazama Conrad.

"Ackroyd ni wengi huku," alisema Conrad haraka mno. "Kama Sugden tu."

Tangu siku hiyo akadai ana kazi nyingi, haendi tena kwenye nyaraka. Wiki tatu alikuwa akija kwao kula chakula cha jioni, akibusu shavu la Bibi Edna, na kila alipoulizwa habari za utafiti alisema bado. Katika wiki ya tatu kifua cha Bibi Edna kilibana. Alifariki asubuhi ya Jumanne, mkono wake ndani ya mkono wa Hester, na maneno yake karibu ya mwisho yalikuwa, "Bado hamjapata jina?"

Siku tisa baada ya maziko Hester alikuwa nyumbani kwa Conrad akimsaidia kupanga picha za kile kitabu. Ndani ya jalada moja alikuta karatasi ya kahawia, mwandiko wa karani wa mahakama. Alikuwa ameshajifunza kuusoma.

*Mimi Martha Thwaite nasema kwamba Bwana Jabez Ackroyd alinifuata chumba cha kufulia mara tatu. Nilimwambia mke wake. Mke wake akaniambia nimalize kufua.*

Chini yake hakimu alikuwa ameandika kwamba binti ni mwongo na shauri limefutwa. Pembeni, kwa wino mwingine, Jabez mwenyewe alikuwa ameandika: *Karatasi hii nimepewa na hakimu baada ya chakula, tukacheka. Mtoto nimemwona kanisani. Ana kidevu changu.*

Hester aliwahi sinki tu. Alitapika, akanawa, akainua uso kwenye kioo akakiona kidevu chake. Alikisugua kwa sabuni hadi ngozi ikawaka.

Conrad alimkuta hapo, karatasi iko mezani.

"Umeipata lini?"

"Hester, mpenzi..."

"Usiniite hivyo. Lini?"

"Mwezi wa sita. Ilikuwa kwenye sanduku la bati kwa mama."

"Bibi alikuwa hai."

"Niliogopa. Mama alisema niichome. Sikuichoma, lakini... nilidhani utaniona mimi ni yeye."

"Ulikaa mezani kwake. Ulikula mkate wake. Alikuuliza, ukamtazama machoni, ukasema bado." Alivaa koti lake. "Yule mzee alikuwa nguruwe, na amekufa. Wewe umeficha maneno ya mtoto wa miaka kumi na mitano ili kitabu cha mama yako kipendeze. Unanitia kinyaa, Conrad. Hata nikikumbuka ulivyonishika nataka kuoga."

"Na tena sisi ni ndugu," alisema Conrad kwa sauti ndogo.

"Wa mbali. Hilo ndilo dogo kuliko yote."

Hakupokea simu zake. Kazini alisuka watu nywele bila kuongea, na harufu ya dawa za nywele, aliyoizoea miaka kumi, ikaanza kumkirihi. Usingizini alisikia maji ya kufulia.

Conrad alimpigia simu mama yake.

"Kitabu sikiandiki, mama."

"Kwa ajili ya msusi?"

"Kwa ajili ya Martha. Na ile karatasi nimeipeleka kwenye nyaraka za kale. Imeandikishwa kwa jina lake, mtu yeyote ataiona."

"Umepaka mavi jina la baba zako."

"Yalikuwepo, mama. Sisi tulikuwa tunayafunika tu kwa zulia."

Mama yake alikata simu, na hakumpigia tena mwaka huo.

Hester alizipata habari hizo kutoka kwa mhudumu wa nyaraka, aliyemwambia pia kuwa yule bwana alilia alipokuwa akiweka sahihi. Alikaa nazo wiki mbili. Bado alikuwa na kichefuchefu, na bado alimkumbuka, na vyote viwili vilimchosha. Mwishowe akampigia.

"Jumapili saa nne. Makaburini. Njoo na nakala."

Conrad alikuja na koti lilelile, limekunjamana, ndevu hazijanyolewa. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha. Kaburi la Bibi Edna lilikuwa bado udongo mtupu.

"Sijakusamehe," alisema Hester. "Nataka ujue hilo kwanza."

"Najua."

"Msomee. Yote. Hata yale ya pembeni."

Conrad alifungua karatasi. Alisoma jina la Martha, akasoma jina la Jabez, babu wa ukoo wake, akasoma habari za chumba cha kufulia. Alipofika penye kidevu sauti ilimkatika. Hester hakumsaidia. Alisubiri, akimtazama, hadi akameza mate na kumaliza neno la mwisho.

Kisha Hester akasogea, akaupitisha mkono wake chini ya kwapa la Conrad, akamshika.

"Rudia," alisema. "Kwa sauti. Bibi alikuwa hasikii vizuri sikio la kushoto."

Conrad akavuta pumzi, akaanza upya kwa sauti kubwa, hata watu waliokuwa wakipita njiani wakasimama kusikiliza.