Sauti ya Waziri na Madumu ya Petroli

Mtaani walimwita Redio. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika. Alikuwa kinyozi, na kila aliyekaa kwenye kiti chake aliondoka na nywele fupi na habari ndefu. Vita vya mbali, mikutano ya wakubwa, sheria mpya, yote aliyajua yeye.

Jumamosi moja asubuhi alirudi nyumbani akihema. Alikuwa amebeba madumu mawili ya njano, yale ya kuchotea maji. Aliyaingiza jikoni na kuyasukuma nyuma ya mlango.

"Haya, leo tena nini?" aliuliza mkewe. Alikuwa kwenye cherehani, akishona sare za shule.

"Petroli! Waziri mwenyewe kasema. Kwa sababu ya vita, Jumatatu vituo vyote vinafungwa. Hebu sikiliza."

Akabonyeza simu. Sauti nzito ikasikika: "Ndugu wananchi, wekeni akiba nyumbani. Fanyeni haraka. Mtumieni ujumbe huu kila mnayempenda."

"Ni yeye kabisa," mkewe alikubali.

"Nimeshawatumia vinyozi wote wa kikundi chetu. Umeme ukikatika, mimi na jenereta yangu tunanyoa tu. Wasionisikiliza shauri yao!"

Mama mkwe wake akatoka chumbani, kiberiti mkononi. Alitaka kuwasha jiko abandike chai.

"Mbona nyumba inanuka kama gereji?" aliuliza.

"Akiba hiyo, mama."

Mama mkwe akaguna, akaingia jikoni, akainama kwenye jiko.

"Mama, usiwashe!"

Aliyepiga kelele alikuwa jirani yao, mwanamke askari wa zimamoto. Alikuwa ameifuata harufu tangu uani, mswaki mkononi, povu mdomoni. Siku nyingine wangemcheka.

"Acha kiberiti, mama. Msiguse swichi ya taa. Tokeni wote, na mlango uacheni wazi."

Wakatoka mbio. Jirani akapiga simu kazini kwake, kisha akamgeukia Redio.

"Shemeji, petroli inatoa mvuke. Huuoni, lakini unatambaa sakafuni mpaka kwenye jiko. Cheche moja tu, nyumba nzima inawaka. Tena umeitia kwenye dumu la maji! Mtu akiwa na kiu je?"

Redio alimtazama mama mkwe wake.

"Mama, nusura nikuue."

"Nusura," alijibu mama mkwe. "Na chai yenyewe sijanywa."

Watu wa zimamoto walifika, wakayatoa madumu na kufungua madirisha yote. Redio alikuwa bado anajikuna kichwa.

"Lakini waziri kasema. Sauti ni yake!"

"Nani alikutumia?" aliuliza jirani.

"Kinyozi mwenzangu."

"Yeye katumiwa na nani?"

"Na binamu yake."

"Na binamu je?"

Redio akaipekua simu yake, asione jina lolote.

"Siku hizi kompyuta inasikiliza hotuba za mtu, halafu inaiga sauti yake," jirani alieleza. "Inasema chochote inachoambiwa. Tangazo la kweli la serikali halipitii kwa binamu peke yake. Lingesomwa kwenye taarifa ya habari. Na ujumbe ukikuharakisha, tena ukitaka uusambaze, hapo ndipo utulie. Wizara ina namba yake ya simu. Tuwaulize."

Wakapiga. Dada wa wizarani alijibu upesi: "Huo ni uzushi. Mafuta yapo, na hakuna kituo kinachofungwa. Msiweke petroli ndani ya nyumba."

Redio akashika kichwa. "Mungu wangu! Vinyozi arobaini! Kila mmoja ana watoto na jiko!"

Hapohapo akarekodi ujumbe: "Jamani, nilikosea. Ile sauti ni ya kuigwa. Toeni petroli ndani!"

Majibu yakaja kwa fujo. "Huyu si Redio." "Redio hajawahi kukosea hata siku moja, muulizeni mwenyewe!" "Mashine hiyo, msidanganyike!"

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Redio alitaka kukasirika.

"Wana haki, shemeji," alisema jirani. "Sauti peke yake haitoshi. Nenda wakuone."

Akaenda. Alizunguka kinyozi hadi kinyozi, gari la zimamoto likimfuata nyuma. Wengi walikuwa hawajanunua kitu. Sita walikuwa na petroli, nayo ikatolewa. Kwenye kila mlango alisema lile neno gumu: nilikosea. Kwenye mlango wa kwanza alilinong'ona tu. Ilipofika saa tisa mchana lilikuwa linatoka lenyewe, na watu walimshangilia.

Kinyozi wa mwisho alimfinya shavu kwanza, kuhakikisha.

"Kumbe ni wewe kweli!"

"Ni mimi. Nilikosea, ndugu yangu. Umeiweka wapi?"

Yule bwana hakucheka tena. Alimshika mkono, akamwingiza chumbani, akainama. Akavuta dumu kutoka uvunguni mwa kitanda cha wanawe wawili.