Vyeti vya Meli Rehema

Sanduku la bati lilifika Mbeya kwa lori la mchele kutoka Mwaya, asubuhi ya Jumanne mwezi wa Juni mwaka 1956, na lilikuwa linatoa jasho. Sedekia alilipangusa mara mbili kwa kitambaa. Mara zote mbili likalowa tena, ingawa baridi ya siku ile ilikuwa kavu, ya kupasua midomo.

Sedekia alikuwa karani katika ofisi ya meli za Ziwa Nyasa, na kazi yake ilikuwa karatasi. Meli haiondoki bandarini bila karatasi zake: cheti cha usajili, cheti cha ukaguzi kinachosema chombo ni kizima, cheti cha kiasi cha shehena, na orodha ya mabaharia. Zote hukaa katika sanduku moja chumbani kwa nahodha. Sanduku hili lilikuwa la meli Rehema, iliyozama wiki tatu nyuma na mabaharia wake kumi na wawili. Hakuna maiti hata moja iliyopatikana. Sanduku tu ndilo lililoelea hadi ufukoni, na Bwana Shauri, afisa wa wilaya, alikuwa anavitaka vyeti vile kwa uchunguzi.

Alipofungua kifuniko, harufu ilimpiga usoni. Ilikuwa ya usipa, vile visamaki vya ziwani, waliooza ndani ya gunia, na chini yake harufu nyingine, tamu tamu, kama ya kidonda kilichofungwa siku nyingi bila kuoshwa. Karatasi zenyewe zilikuwa kavu. Lakini lakiri nyekundu ya cheti cha ukaguzi ilibonyea alipoigusa, laini kama ufizi, ikamwachia ute kidoleni. Kwenye orodha ya mabaharia, juu ya jina la nahodha, ulikuwa umenata uzi wa nywele zilizolowa.

Nahodha alikuwa Isakwisa, kaka wa mkewe.

Sedekia alijua mahali pa kutazama kwenye cheti cha ukaguzi, maana alipakwangua mwenyewe kwa wembe. Mwezi wa Aprili mkaguzi alikataa kuipitisha Rehema. Mbao za chini zilikuwa zimeoza, na cheti cha zamani kilikuwa kinakwisha mwezi uleule. Isakwisa akaja ofisini, kofia mkononi.

"Shemeji, watu wa ng'ambo wanangoja mchele. Safari mbili tu, halafu naipandisha nchi kavu itengenezwe."

"Mkaguzi amekataa."

"Mkaguzi yuko mbali. Kalamu iko kwako."

Basi Sedekia alikwangua Aprili, akaandika Desemba, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hata yeye mwenyewe akaufurahia.

Sasa akakichukua cheti kile, akakitia ndani ya koti ili akakiteketeze nyumbani kabla ya mtu kukiona. Alipokuwa anafunga sanduku alisikia mle ndani mlio wa koo linalobugia maji. Kisha sauti ya Isakwisa, ya chini, ya mtu anayesema mdomo umejaa.

"Shemeji. Cheti hakijaisha."

Jikoni alikisukuma katikati ya kuni. Hakikuungua. Kilichuruzika na kutoa vijipovu kama mafuta ya nguruwe, moshi wake mzito ukatambaa chini badala ya kupanda, na alipokivuta kwa koleo kilikuwa kizima, herufi zake nyeusi zikimetameta. Ikupa, mkewe, alirudi kutoka shambani akaanza kukohoa mlangoni. Alimmiminia binti yao Damari maziwa ya mgando. Kibuyuni kikatoka kitu cha kijani kinachovutika kama kamasi, chenye magamba ya samaki, na mtoto alikuwa ameshameza funda moja. Akatapika mpaka akalegea.

Siku zilizofuata Sedekia alioga kwa sabuni ya kufulia, akajisugua kwa mchanga, lakini ute haukwisha chini ya kucha zake. Jumapili kanisani watu wa benchi lake walihama mmoja mmoja, wakijifanya wanawafuata ndugu zao. Mchungaji alipompa mkono, aliupangusa mkono wake kwenye kanzu.

"Baba Damari," Ikupa alimwambia kwa kunong'ona walipofika nyumbani, "kuna kitu umekileta humu."

"Ni jini la ziwani. Limefuata sanduku."

"Na kwa nini limekufuata wewe?"

Sedekia akatoka nje kujisugua kucha tena. Ikupa akaenda kwa jirani yao Benedicta, mtu wa Iringa, akarudi na jina la mama mmoja wa Ipogolo, hukohuko Iringa, aitwaye Paskalina, aliyekaa Kilwa miaka mingi na kujifunza huko kusema na majini, ingawa misa hakosi.

Walimwacha Damari kwa Benedicta, wakaondoka wawili kwa basi, na sanduku alilolitoa Sedekia ofisini kwa siri. Cheti sasa kilikuwa kimerudishwa ndani. Kabla ya Makambako abiria walikuwa wamefungua madirisha yote, na utingo akaamuru sanduku lipandishwe juu ya paa, lakini kutoka pale juu maji ya kahawia yalianza kuchirizika ndani kupitia misumari ya dari, jua likiwaka nje, yakadondoka shingoni kwa watu, na mwanamke mmoja aliyeyapata mdomoni akatapika juu ya magoti ya mwenzake, wakatukanana, na Sedekia akakaa katikati yao, ameinamisha kichwa, akijua kwamba maji yale ni yake.

"Kamwene, mama," Sedekia alisalimu kwa Kihehe walipofika.

Paskalina aliitika salamu akiwa ameziba pua kwa ncha ya kitenge. Hakuwaruhusu kuingia ndani. Alitandika mkeka uani, adhuhuri kweupe, akaweka beseni, akafukiza ubani, akamshika Sedekia utosi kwa mkono wenye rozari.

"Nani uliye humu?"

Kitu kikapanda kifuani mwa Sedekia, kikajaa kooni, na alipofungua mdomo apige kelele yakatoka maji ya kahawia yenye joto, na ndani ya maji usipa wadogo, wengine wangali wanarukaruka, wakijibamiza kwenye beseni, na nyuma yao, kupitia koo lilelile, ikapita sauti ambayo haikuwa ya Isakwisa wala ya mtu yeyote.

"Mimi sikuiba. Nilipewa. Karatasi inasema meli ni nzima mpaka Desemba, na meli nzima ina watu wake. Wako chini, wanafanya kazi."

"Nani alikupa?"

"Huyu."

Mkono wa kulia wa Sedekia ukainuka wenyewe, vidole vimebana kana kwamba vimeshika kalamu.

Ikupa aliutazama mkono ule. "Ni wewe," alisema. "Kaka yangu umemuua wewe."

"Aliniomba," Sedekia alisema, ute ukimning'inia kidevuni.

"Ungekataa."

Paskalina akampa kalamu. "Andika ulichofanya, mwanangu. Juu ya cheti hichohicho."

Aliandika, mwandiko ukiwa mbaya kama wa mtoto: kwamba mkaguzi alikataa, kwamba tarehe ni ya uongo, kwamba cheti ni batili, na jina lake. Ikupa akaichukua orodha ya mabaharia, akawasoma kwa sauti mmoja mmoja, akiwaambia warudi kwa mama zao. Alipofika jina la kumi na mbili, Sedekia alitapika mara ya mwisho, tonge jeusi lililotambaa hatua mbili mchangani, likasinyaa. Hewa ya uani ikanuka ubani tu.

Safari ya kurudi Ikupa alikaa kiti cha mbele, peke yake. Sedekia alikipeleka cheti kwa Bwana Shauri mwenyewe, akawekwa rumande siku hiyohiyo.

Siku ya nane habari ilikuja kutoka Mwaya. Ziwa lilikuwa limewatoa wote kumi na wawili kwa asubuhi moja, na kwa kuwa nyuso hazikutambulika tena, askari wawili walimchukua Sedekia aliyewaandikisha, akatambue nguo na makovu. Walikuwa wamelazwa kwenye majani ya migomba, wamevimba, ngozi inabambuka kama ganda la ndizi iliyochemshwa. Watu walisimama mbali, nguo puani. Ikupa peke yake alikuwa karibu, amepiga magoti na ndoo ya maji kando ya kaka yake. Kinywa cha Isakwisa kilikuwa wazi, kimejaa hadi menoni karatasi iliyoloa, yenye neno Desemba kwa mwandiko wa Sedekia.

Ikupa aliinuka, akamwachia nafasi.

"Mtoe karatasi hiyo," alisema. "Sitaki azikwe nayo."

Sedekia alipiga magoti, akaingiza vidole viwili.