Kompyuta Iliyosikia Kijerumani

Costancia alifungua duka lake la steshenari hapa Mikumi, akasali, kisha akawasha kompyuta. Wifi yake Happyness, mdogo wa mumewe, alikuwa anafagia huku akinong'ona maneno ya Kijerumani. Anajifunza ili aongoze watalii mbugani.

Costancia alimtazama kwa wivu. Siku hizi mumewe akikaa mezani, sifa zote ni za huyu mdogo wake.

Mzee Melkizedek aliingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimefuata wasifu wa marehemu mke wangu. Gari linasubiri, tunazika leo Malolo."

Costancia aliandika neno la siri. Kompyuta ikakataa. Akaandika tena, polepole. Ikakataa.

"Happyness! Umebadilisha neno la siri!"

"Hata silijui, wifi. Jana ulinifungulia mwenyewe."

"Unataka kaka yako anione sijui kazi. Chukua na duka basi!"

"Wanangu," mzee alisema, "marehemu anasubiri."

Happyness alitoka mbio. Alirudi na Ditram, jirani anayefundisha kompyuta.

"Nimesali, Ditram, bado inakataa."

"Mungu amekusikia, mama. Ila usibahatishe. Ukikosea mara nyingi, inaweza kujifunga kabisa. Andika, halafu bonyeza hii alama ya jicho, usome ulichoandika. Mimi nageuka nisilione."

Costancia alibonyeza. "Zesu mwema? Nani kaandika Zesu? Mimi nimebonyeza Y!"

Ditram aligeukia tena skrini, akacheka. "Tazama chini, kona ya kulia. Pameandikwa DEU, yaani vitufe vimewekwa kwa mpangilio wa Kijerumani. Kwenye kibodi ya Wajerumani, Y na Z hubadilishana nafasi. Bonyeza hapo, chagua ENG, andika upya."

Kompyuta ikafunguka.

"Ni mimi," Happyness alisema kwa sauti ndogo. "Jana niliweka kibodi hiyo kwa ajili ya zoezi. Sikujua itabaki hata wakati wa kufungua kompyuta. Naiondoa sasa hivi."

Karatasi zilitoka. Mzee alizipokea kwa mikono miwili, akawahi gari. Costancia akaweka neno la siri jipya, maana lile alikuwa amelitangaza dukani.

"Usiiondoe kibodi yako," alimwambia Happyness. "Nimeshajua pa kutazama." Akamsogelea. "Wifi, 'nisamehe' kwa Kijerumani husemwaje?"

Happyness aliweka ufagio chini.

"Anza na Kiswahili kwanza, wifi."

Costancia akaanza.