Pumzi ya Babu Alute

Kila asubuhi Eliana alimpelekea babu yake togwa, uji mwepesi wa mtama uliochachuka kidogo, kwenye kibuyu kidogo. Alipiga goti akamwamkia, mzee Alute akaitikia, kisha akanywa yote bila kupumzika. Ndivyo siku zilivyoanza kijijini kwao Mkiwa, hata sasa ambapo mzee alikuwa amekonda, macho yameanza kuwa ya manjano, na ng'ombe wake wanachungwa na jirani.

Jumamosi moja watafiti walifika kwenye zahanati ya kijiji na mashine waliyokuwa wakiijaribu. Mmoja wao, Daktari Ritha, alieleza kwamba mgonjwa anapuliza pumzi kwenye mfuko, kisha mwanga mwembamba wa leza unapitishwa humo. Ini likiugua, gesi fulani huongezeka katika pumzi, na kila gesi hunyonya mwanga kwa namna yake. Sharti lilikuwa moja: tangu jana yake jioni, mtu asile wala asinywe chochote isipokuwa maji.

Eliana aliutazama mfuko wa babu ukijaa taratibu. Aliwaza kwamba humo ndani mlikuwa na hadithi zake zote, mluzi wake wa kuita ng'ombe, na harufu ya togwa. Hapo akakumbuka kibuyu cha asubuhi ile.

Alipoulizwa na watafiti, babu alikuwa amejibu kwamba alikunywa maji tu, maana kwake togwa ni maji. Watafiti wangeondoka kesho yake mchana. Eliana akisema ukweli, huenda babu asipimwe tena. Isitoshe, kumkosoa mzee mbele za watu si adabu.

"Daktari," alisema kwa sauti ndogo, "babu amekunywa togwa asubuhi. Mimi ndiye niliyempa."

Mzee aliinamisha kichwa. Daktari Ritha hakukasirika. Alisema togwa iliyochacha ingeipotosha mashine, akawaambia warudi kesho alfajiri.

Walirudi, na Eliana alikikumbatia kibuyu kitupu njia nzima. Safari hii mashine ilionyesha dalili za ugonjwa wa ini. Vipimo vya damu hospitalini Singida mjini vikathibitisha kwamba ini limeanza kuumia, ila dawa bado zingesaidia.

Miezi mitano baadaye mzee Alute alikuwa akichunga mwenyewe. Asubuhi moja alipopokea kibuyu, aliushika mkono wa mjukuu wake.

"Siku ile niliona umeniaibisha," alisema. "Kumbe uliniheshimu kuliko wote. Anayempenda mgonjwa humwambia daktari ukweli, hata kama aliyekosea ni mkubwa wake."

Kisha akanywa yote.