Sahani ya Kifungo

Mchana ulipofika, mama fundi aliacha cherehani yake. Alijikung'uta vipande vya uzi, akaingia jikoni. Muda si mrefu, sinia kubwa la wali na maharage lilitua katikati ya mkeka.

"Haya, naweni mikono!"

Mapacha wake wa miaka tisa walifika mbio. Bibi yao, mama wa mumewe, alikaa taratibu akishika kiuno. Kifungo, binti yake wa mwisho, alikaa mapajani mwa mama. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Walimwita Kifungo kwa sababu alizaliwa mdogo na wa mviringo, kama kifungo cha shati.

"Wewe, hilo ni tonge au tofali?" bibi alimuuliza pacha mmoja.

"Hili tonge, bibi. Tofali linakuja."

Wote wakacheka. Kifungo naye akacheka, huku bado anatafuna tonge lake la kwanza. Alipolimeza, sinia lilikuwa limeshabaki jeupe. Mama alilitazama, akaridhika. Chakula kimekwisha, basi wote wamekula.

Lakini kitu kimoja kilimsumbua. Miezi minne iliyopita alimshonea Kifungo gauni. Alilikata kubwa kidogo, ili mtoto akue ndani yake. Mpaka leo gauni lilikuwa linampwaya vilevile.

"Amechukua umbo la baba yake," bibi alisema. "Yule alikuwa mwembamba kama sindano. Usijitie presha, mwanangu."

Saa kumi na moja jioni mama fundi alikwenda darasani. Alikuwa anajifunza Kiingereza pamoja na watu wazima wengine. Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni neno moja: *allot*.

"Neno hili ni kumgawia mtu fungu lake," mwalimu alieleza. "Ukilitumia, sema unamgawia nani, na unamgawia nini. Tungeni sentensi za nyumbani kwenu. Za kweli!"

Dereva wa lori alisimama wa kwanza. Kwa Kiingereza cha kukokota, alisema kwamba yeye humgawia mkewe mablanketi mawili, na mwenyewe hajigawii hata moja.

"Pole, baba!" darasa zima likacheka.

Mama fundi aliandika sentensi ya chakula. Alipofika kwa Kifungo, kalamu ilisita. Jirani yake wa dawati alikuwa mhudumu wa kliniki. Watu walimwita Mama Mizani, kwa kuwa kazi yake ni kupima watoto.

"Umekwama wapi, mwenzangu?"

"Kwa mwanangu mdogo. Sijui niandike anapata nini."

"Andika anachopata."

"Ndicho nisichokijua," mama fundi alinong'ona. "Tunakula sinia moja. Kaka zake wanakula kama mashine ya kukoboa. Yeye anatafuna polepole."

Mama Mizani aliweka kalamu chini.

"Kesho asubuhi niletee huyo mtoto."

Kesho yake, kliniki, Mama Mizani alimpima Kifungo uzito na urefu. Kisha alimzungushia utepe wa rangi mkononi, juu ya kiwiko. Utepe ulisoma njano.

"Kijani ni salama," alisema. "Nyekundu ni hatari. Njano inatuambia tuwahi. Hana homa, hana kuhara. Anapungukiwa chakula."

Macho ya mama fundi yalijaa machozi. "Kwa hiyo mimi namnyima mwanangu?"

"Humnyimi, dada. Chakula unapika. Hakimfikii tu." Alimshika bega. "Mpe sahani yake peke yake, uone anakula kiasi gani. Milo mitatu kwa siku, na kitu kidogo mara mbili katikati. Chakula kiwe kizito, si cha majimaji. Ponda maharage, weka mboga, yai likipatikana, na kijiko cha mafuta. Ziwa endelea kumpa. Kaa naye, zungumza naye, usimlazimishe. Baada ya wiki mbili mrudishe nimpime."

Nyumbani bibi alipoiona sahani ndogo, uso ulibadilika.

"Mtoto atengwe kama mgeni? Sisi tumekula pamoja miaka yote. Leo tunaanza kubaguana?"

Mama fundi alimpenda mkwewe, na hakutaka kumuumiza. Lakini njano ile ilikuwa bado machoni pake. Alimweka Kifungo mbele ya bibi, akauvuta mkono wa bibi hadi kwenye gauni.

"Shika hapa, mama. Kitambaa hiki kilichozidi ni nafasi niliyomwachia akue. Miezi minne hajaijaza."

Bibi alilikunja lile gauni kwa vidole vyake. Likakunjika mara mbili.

"Bado atakaa nasi mkekani," mama fundi alisema kwa upole. "Ila chake kiwe chake. Na mimi naomba sahani uishike wewe. Mikono yangu ina haraka ya cherehani, yako haina."

"Lete hapa," bibi alisema, sauti imelowa.

Tangu siku hiyo bibi alikula huku sahani ya Kifungo iko magotini pake. Mapacha wakijaribu kudokoa, aliwachapa vidole kwa kijiko. "Nyie majambazi, sinia lenu ni lile kule!" Siku nyingine Kifungo alimaliza kwa robo saa, siku nyingine kwa nusu saa. Bibi hakumharakisha.

Walimpeleka kliniki kila wiki mbili. Uzito ulipanda kidogo, ukapanda tena. Wiki ya nane, Mama Mizani alizungusha utepe, akaugeuza ili bibi aone mwenyewe.

"Kijani!" bibi alipiga kelele, foleni nzima ikageuka.

Mchana ule walikaa mkekani kama kawaida. Kifungo alikula mpaka akashiba. Kisha akachota wali kidogo kwa vidole vyake, akaunyoosha mkono mpaka mdomoni mwa bibi.

"Jamani, njooni muone," bibi alisema. "Na mimi nimegawiwa."

Akafumbua mdomo, akala.