Jina Aliloandika Hafidha

Haya yalimpata rafiki yangu Hafidha, mwalimu, na Mungu anajua si mtu wa kutunga maneno.

Alikuwa akishuka kutoka Matombo gari likaharibika mlimani, ukungu ukatanda hadi mchana ukawa giza. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na picha za moyo wa mwanawe Mwaisha, aliyebaki mjini kwa bibi yake. Daktari wa Dar alishasema, zisipofika leo, nafasi ya upasuaji anapewa mwingine. Na simu haikushika mtandao hata kidogo.

"Ya Rabi, usiniache," aliomba, akafungua kompyuta.

Ikatokea Wi-Fi ya bure. Pale hapakuwa na nyumba wala nguzo ya umeme. Ukurasa uliuliza jina tu. Kama tufanyavyo wengi kwenye mitandao ya bure, Hafidha hakutaka kuandika lake. Akaandika lililomjia kwanza: Mwaisha.

Picha zikaenda mara moja.

Ndipo kutoka korongoni, ndani ya ukungu, mwanamke akaita taratibu, "Mwaishaa!" Sauti ilikuwa ya Hafidha mwenyewe.

Dereva, aliyekuwa akitengeneza gari, akaacha spana. "Mwalimu, huyo usimwitikie."

Hakuitikia. Sauti ikaita tena, kisha ikanyamaza, kama inayosikiliza jibu.

Gari lilipowaka waliondoka, na walipofika Mkuyuni simu ikashika mtandao, ikaita hapo hapo. Alikuwa mama yake, kutoka mjini.

"Hafidha, mwanao ana nini leo? Tangu alasiri kasimama mlangoni, kauelekea mlima. Namvuta, hasogei. Anaitika tu, 'Abee mama, nakuja.'"